Faili Haijitambulishi

Hotuba iliyotolewa Nairobi mbele ya waandishi wa programu na watafsiri, ikiwa imenyooshwa kidogo kwa ajili ya msomaji.

Mwenyekiti, walimu wangu mlio hapa, wenzangu wa kibodi, nanyi watafsiri ambao kwa kawaida mnaitwa mwisho na kulipwa mwisho: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa mada ndefu, kwamba nizungumzie matatizo ya usimbaji wa herufi tunapohariri faili za programu zenye lugha mbalimbali. Nitaanza na jina moja la mahali, Mũrang'a, na yanayolipata likitoka kompyuta moja kwenda nyingine mjini humu. Wengi wenu mmeliona likitokea kwenye skrini au kwenye risiti kama MÅ©rang'a. Mkacheka, mkapiga picha, mkaendelea na kazi. Leo naomba tusimame hapo kidogo.

Faili ya maandishi, iwe ya Python, ya Java, ya PHP au ya tafsiri, ndani yake haina herufi hata moja. Ina namba, kila moja kati ya 0 na 255, ndizo tunazoziita baiti. Herufi huonekana pale kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihisha faili, kinapochukua jedwali fulani na kuzisoma namba zile kwa jedwali hilo. Kwa UTF-8, jedwali la leo linalobeba lugha nyingi kwa pamoja, ũ ni baiti mbili: C5 ikifuatwa na A9, kwa hesabu ya heksadesimali, yaani ya msingi wa kumi na sita. Kwa Windows-1252, jedwali lililotengenezwa kwa lugha za Ulaya Magharibi na ambalo kompyuta zetu nyingi zilikuja nalo, C5 ni Å na A9 ni ©. Baiti ni zile zile, na hadi hapo hakuna kilichoharibika. Aliyeandika alitumia jedwali moja, aliyefungua akatumia jingine, basi.

Shida ni kwamba faili yenyewe haisemi. Maandishi matupu hayana mahali rasmi pa kutangaza yamesimbwa kwa jedwali gani. Ni kama matatu iliyosimama kituo cha Kencom bila namba ya njia: utapanda kwa kukisia, na utajua umepotea ukishafika kusikokuwa kwenu. Kihariri nacho hukisia. Hutazama baiti za mwanzo, hutazama mipangilio ya mashine, kisha huamua. Kikikosea, hakikwambii.

Sasa niwaambie kwa nini sisi wa Nairobi tumechelewa kuliona jambo hili. Kiswahili kimetudekeza. ASCII, mpangilio wa Kimarekani ulioanza 1963, una nafasi 128 tu, na Kiswahili cha hati ya Kilatini kinaenea humo chote. Hakuna nukta za ziada juu ya irabu, hakuna mkia chini ya konsonanti. Kisomali nacho, tangu kilipochukua rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972, kimekaa humo humo. Kiingereza, vivyo hivyo. Na majedwali yote tunayoyataja leo, UTF-8, Windows-1252, ISO 8859-1, yanakubaliana kabisa juu ya nafasi hizo 128 za kwanza. Maana yake ni kwamba unaweza kuandika programu ya Kiingereza na Kiswahili, ukakosea kila mpangilio wa usimbaji kuanzia kihariri hadi hifadhidata, na usione dalili yoyote. Mfaransa hana bahati hiyo. Yeye akiandika é mara moja tu, kosa linamrukia usoni, analirekebisha siku hiyo hiyo. Sisi kosa letu hulala.

Huamka siku mteja anaposema, ongezeni Kikuyu. Au Kikamba, au Kimeru. Lugha hizi huandika ĩ na ũ, na alama zile si urembo. Kikuyu na Kikamba vina irabu saba, na herufi tano za Kilatini hazitoshi kuzibeba. Au duka la Eastleigh linataka risiti ya Kiamhari kando ya Kiingereza, na kila herufi ya Kiamhari ni baiti tatu za UTF-8. Hapo ndipo mradi uliokuwa unaenda vizuri unapoanza kutema takataka, na wa kwanza kulaumiwa ni mtafsiri. Nimewasikia wasimamizi wakisema, "Hiyo lugha yenu ina shida na kompyuta." Lugha haina shida. Irabu hizo mbili ziko kwenye Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, U+0129 na U+0169, na zimo pia katika maandishi ya Kivietinamu, ndiyo maana fonti nyingi za kawaida tayari zinazo. Kompyuta inazijua. Ni bomba letu, kutoka kihariri hadi skrini, ndilo halikuwahi kupimwa kwa kitu chochote zaidi ya ASCII.

Lakini hata Kiswahili kina shimo lake moja, na shimo hilo ni ritifaa. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa. Lang'ata, kama unatafuta mfano wa hapa hapa mjini. Ritifaa ya kwenye kibodi ni iliyonyooka, namba 27 kwa heksadesimali, ndani kabisa ya ASCII. Mtafsiri hufanya kazi yake kwenye Word, na Word kwa hisani yake huipindisha, ikawa ile ya kupendeza, U+2019, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu: E2, 80, 99. Zisome kwa Windows-1252 upate â, € na ™. Hapo ndipo ngâ€™ombe anapozaliwa.

Mwandishi wa programu naye ana sababu zake za kuipenda iliyopinda. Katika lugha nyingi za programu ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofunga maandishi, kwa hiyo akiandika 'Ng'ombe wako amesajiliwa', kompaila inaona maandishi yameishia kwenye Ng, na yaliyobaki ni upuuzi. Akibandika ile ya Word, kosa linatoweka. Anafurahi, anahifadhi, anakwenda nyumbani. Dawa halali ilikuwa kuzungushia alama za mtajo mbili (" "), au kutanguliza mkwaju wa nyuma (\), lakini nani ana muda?

Tuifuate ritifaa hiyo iliyopinda hadi kwenye simu, maana huko ndiko inakogeuka kuwa pesa. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba alama 160 kwa sababu unatumia alfabeti ya biti saba ya GSM, mfumo wa simu za mkononi. Jedwali hilo lilichorwa Ulaya: lina å, lina ø, lina herufi kubwa kadhaa za Kigiriki, na ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo. Wala ĩ na ũ hazimo. Ujumbe ukiwa na alama moja tu isiyo ndani ya jedwali hilo, mfumo kwa kawaida huuhamisha ujumbe mzima kwenye usimbaji wa baiti mbili kwa kila alama, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo, ujumbe hukatwa vipande vya alama 67 kila kimoja, kwa sababu sehemu ya nafasi huliwa na maelezo ya kuviunganisha.

Chukueni ujumbe wa alama 150, ule wa chama cha wafugaji kuwakumbusha wanachama kuhusu chanjo ya ng'ombe. Kwa ritifaa iliyonyooka ni ujumbe mmoja. Kwa iliyopinda ni vipande vitatu. Wanachama 1,000, unalipia 3,000. Mtoa huduma hajakuibia, na mfumo haujaonyesha kosa lolote. Ujumbe umefika ukiwa safi, ukisomeka vizuri. Mhasibu peke yake ndiye anayeona kuna jambo, na mhasibu hajui Unicode. Ndiyo maana nawaambia wanaotuma ujumbe kwa wingi: kabla ya kubishana juu ya bei, hesabuni alama zisizo za GSM kwenye violezo vyenu. Kwa Kikuyu hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu pale huwezi kubadilisha ũ kwa kitu kingine bila kuharibu neno. Pale mteja aambiwe waziwazi kuwa lugha yake inagharimu vipande zaidi, aamue mwenyewe.

Nirudi kwenye kihariri. Watu wengi hudhani uharibifu hutokea unapoifungua faili kwa jedwali lisilo lake. Sivyo. Kufungua ni kutazama tu. Ukiona MÅ©rang'a, funga bila kuhifadhi, fungua tena kwa UTF-8, na jina litakuwa pale pale salama. Uharibifu hutokea unapohifadhi, na unakuja kwa namna mbili ambazo hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza: kihariri kimesoma Å na © kama herufi mbili halali, kisha kikaziandika upya kwa UTF-8. Sasa ũ si tena C5 A9. Ni C3 85 C2 A9, baiti nne. Mwenzako akirudia kosa lile lile zinakuwa tisa, na skrini inaonyesha msururu wa Ã na Â unaoendelea kurefuka kila faili inapopita mikononi mwa mtu. Inatisha kuitazama, lakini habari yote bado imo, na inaweza kurudishwa.

Ya pili: faili ilisomwa sawasawa, ũ ikaonekana ũ, kisha mtu akaihifadhi kwa Windows-1252. Jedwali hilo halina nafasi ya ũ. Programu nyingine huweka alama ya kuuliza. Nyingine, kwa ujanja wao, huweka u tupu. Hii haitishi. Skrini ni safi, Murang'a inasomeka, na hakuna atakayelalamika mpaka msomaji wa Kikuyu afike. Na hakuna amri yoyote duniani itakayokwambia ni u gani kati ya hizo ilikuwa ũ. Mimi nikipewa hiari nitachagua faili iliyojaa Ã kuliko hii safi.

Kila lugha ya programu nayo ina desturi zake, na desturi hizo zimebadilika kwa miaka. Python 3, tangu 2008, huchukulia kuwa faili ya msimbo, yaani ya programu yenyewe iliyoandikwa, ni UTF-8. Vizuri. Lakini hiyo ni faili ya msimbo tu. Ukiifungua faili ya data kwa open() bila kutaja usimbaji, kwenye Windows imezoeleka kuchukua jedwali la mashine. Ndiyo sababu programu inayokwenda vizuri kwenye seva ya Linux inaanguka kwenye kompyuta ya mwenzako, ikilalamika kuhusu baiti 0x9d. Mnaijua hiyo, naona mnatikisa vichwa. Windows-1252 ina nafasi tano ambazo hazikupewa mwenyewe, na 9D ni mojawapo. Baiti hiyo ndiyo ya mwisho katika alama ya mtajo ya kufungia iliyopinda, na ndiyo ya mwisho pia katika neno la Kiamhari ሰላም. Python ikifika hapo inakataa kukisia. Msiitukane, hiyo ndiyo programu pekee katika mlolongo mzima iliyosema ukweli.

Java ina kisa chake. Faili za .properties, ambako tafsiri nyingi za mifumo ya maofisini hukaa, kwa miaka mingi zilisomwa kwa ISO 8859-1, kwa hiyo mtafsiri wa Kikuyu alilazimika kuona \u0129 na \u0169 kila mahali palipokuwa na ĩ na ũ. Jaribuni kusahihisha sentensi iliyoandikwa hivyo. Tangu Java 9, mwaka 2017, mafungu ya tafsiri yanasomwa kwanza kama UTF-8, na Java 18 ya mwaka 2022 ikaifanya UTF-8 kuwa chaguo la msingi popote. Bado kuna mifumo mjini humu inayotembea kwa Java 8, na aliyezoea mpya akiigusa ya zamani anaandika ũ waziwazi, inatoka Å©, anadhani amerogwa.

Kuna jambo la baiti tatu za mwanzo, EF BB BF, alama ambayo baadhi ya vihariri vya Windows huitanguliza ili kujulisha kuwa hii ni UTF-8. Excel huipenda: faili ya CSV, yaani jedwali la data lililoandikwa kama maandishi matupu, yenye alama hiyo hufunguka vizuri, isiyo nayo mara nyingi husomwa kwa jedwali la mashine na majina ya wateja wako yanavurugika. PHP haiipendi, kwa sababu inaihesabu kuwa maandishi yaliyokwisha kutumwa kwa kivinjari kabla ya vichwa vya ukurasa. Programu fupi za Linux zinazoanza na #! haziendeshwi sawasawa ikiwepo, kwa kuwa alama hizo mbili lazima ziwe baiti za kwanza kabisa. Sheria yangu ni fupi: CSV ya kumpelekea mtu wa Excel, iwekwe, msimbo, isiwekwe. Notepad yenyewe, tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2019, huhifadhi UTF-8 bila alama hiyo, kwa hiyo hata kisingizio cha Notepad kimekwisha.

MySQL, programu ya hifadhidata, nitaipitia haraka. Ile iliyoitwa utf8 huko ilikuwa na mwisho wa baiti tatu. Ĩ, ũ na Kiamhari zote zinaenea, ila emoji haziingii. Tumieni utf8mb4. Basi.

Linalosumbua zaidi, na halizungumzwi, ni kwamba ũ ina njia mbili halali za kuandikwa ndani ya Unicode. Yaweza kuwa herufi moja, U+0169. Yaweza pia kuwa u ya kawaida ikifuatwa na alama ya wimbi inayoelea, U+0303. Kwa macho hazina tofauti. Kwa kompyuta ni vitu viwili. Mtafsiri mmoja ana kibodi inayotoa ya kwanza, mwingine ya pili. Ukitafuta Mũrang'a kwenye faili unapata nusu, na mteja aliyejisajili kwa simu anaambiwa hayupo akiingia kwa kompyuta. Dawa ipo, inaitwa NFC, nayo huunganisha vipande vyote kuwa herufi moja. Fanyeni hivyo data inapoingia mlangoni, kabla hamjailinganisha na chochote. Python ina unicodedata.normalize, JavaScript ina normalize() kwenye maandishi yenyewe. Ni mstari mmoja.

Kuna wanaoniambia nipunguze makelele: kwani vibao vya barabarani si vimeandikwa Murang'a, na watu wanafika? Wanafika. Kama Wakikuyu wenyewe wataamua kuandika bila wimbi, nitaandika bila wimbi. Ila uamuzi huo usifanywe na kihariri cha kijana aliyekuwa na haraka siku ya Ijumaa.

Ninachowaomba mkafanye si kingi. Wekeni faili ya .editorconfig kwenye mzizi wa mradi, ndani yake mstari charset = utf-8, ili vihariri vinavyoiheshimu viache kukisia. Kwenye msimbo, tajeni usimbaji kila mnapofungua faili, hata pale inapoonekana ni kupoteza wino. Na majaribio yenu yaacheni kutumia "Nairobi" na "Kisumu". Majina hayo hupita popote hata kama kila kitu kimeharibika. Tumieni Mũrang'a, tumieni ሰላም. Yakitoka upande wa pili yakiwa mazima, mna haki ya kulala.

UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ina sifa moja inayotusaidia hapa: baiti zake zina mpangilio mkali, kwa hiyo maandishi ya Windows-1252 yenye herufi za nje ya ASCII ni nadra yapite kama UTF-8 kwa bahati. Iconv ni programu ya kubadili usimbaji, na amri ya iconv -f UTF-8 -t UTF-8 juu ya faili itakataa mara moja ikikuta baiti zisizofuata mpangilio huo. Lakini jihadharini: faili iliyosimbwa mara mbili, ile yenye Ã, ni UTF-8 halali kabisa. Itapita mtihani huo bila aibu. Hiyo itafuteni kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, kwa vipande kama Å©, Ä© na â€.

Dada mmoja aliyekaa mbele ameuliza: na faili zilizokwisha haribika? Kwanza fanya nakala, ufanye kazi kwenye nakala. Kisha tazama baiti zenyewe kwa xxd, programu inayozionyesha moja moja, usiyaamini macho. Ukiona C3 85 C2 A9 mahali palipopaswa kuwa na ũ, endesha iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252, na matokeo yake yatakuwa UTF-8 sahihi. Kama ilisimbwa mara tatu, rudia. Iconv ikigoma katikati, mara nyingi faili ina mchanganyiko, mistari mingine mizima na mingine mibovu, kwa hiyo itenganishe mstari kwa mstari, urekebishe ile mibovu tu. Ukiona EF BF BD, au 3F ambayo ni alama ya kuuliza, hapo herufi imeshatoka na iconv haitairudisha. Rudi kwenye historia ya Git, programu inayotunza matoleo ya zamani ya faili, hadi toleo la kabla ya mtu kuhifadhi vibaya. Na kama faili hazikuwa kwenye Git, mpigie mtafsiri umwombe nakala yake, na akilazimika kutafsiri upya, alipwe upya.